Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mchoraji wa Picha Dhahania Mjini Moshi

Maswali haya yametoka vinywani mwa wageni wa studio, wateja wa Arusha, wanafunzi, wazazi wao, na ndugu tunaokutana misibani na kwenye harusi. Nimeyaacha jinsi yanavyoulizwa, hata yale ya kunichokoza. Jambo lililokwisha elezwa kwingine nimelielekeza huko.

## Ya mwanzo kabisa

Hii ni picha ya nini?

Si picha ya kitu. Hakuna mlima uliofichwa kwenye ile kona ya bluu, wala sura ya mtu itakayojitokeza ukikaza macho. Ni rangi, mistari na nafasi zilizopangwa juu ya kanvasi mpaka zikaelewana, au mpaka zikagombana kwa namna inayopendeza. Ukienda kununua kitenge humuulizi muuzaji "hiki ni kitenge cha nini?" Unakikunjua, unatazama rangi zinavyoitana, unakitupia begani, unaamua. Macho hayo hayo yanatosha hapa.

Sisemi kwamba picha inatoka hewani. Nyingi nilizochora karibuni zina wekundu wa vumbi, kwa sababu kiangazi kikikolea huku bondeni vumbi linakaa kwenye kila kitu, kuanzia majani ya migomba hadi kola ya shati. Hicho ni chanzo tu. Ukikijua ni sawa, usipokijua hujapungukiwa na kitu.

Sasa mimi nitazame nini?

Anza kwa kusogea. Mark Rothko, mchoraji wa Marekani mwenye zile picha kubwa za mistatili ya rangi, alishauri watu wasimame karibu sana, kiasi cha sentimeta 45 hivi. Ukiwa karibu namna hiyo utaona rangi ipi ilitangulia na ipi imekuja juu yake, wapi brashi ilikuwa imelowa na wapi ilikuwa inakaribia kukauka, wapi pamepigwa msasa. Kisha rudi nyuma uone kama yale uliyoyaona karibu bado yanasimama kwa mbali. Kibandiko cha jina kisome mwisho.

Mgeni aliyetazama vizuri kuliko wasomi wengi niliowapokea ni mama mmoja anayepita mtaani kwetu na beseni la ndizi. Alilitua mlangoni, akatazama kanvasi kimya, halafu akanyoosha kidole: "Hapa chini ulikuwa na hasira, mwanangu. Huku juu umetulia." Nikamuuliza amejuaje. Akasema chini nimedonoa donoa na kukandamiza, juu nimevuta mkono taratibu. Hakuuliza ni picha ya nini. Alisoma mkono ulivyopita, na huko ndiko kutazama.

Hata mtoto wangu wa chekechea anaweza kuchora hivi.

Mtoto anachora vizuri sana, na mkono wake una uhuru ambao mtu mzima huutafuta kwa miaka. Tofauti iko kwenye kuamua. Mtoto anaacha akiitwa kula. Mchoraji anafuta, anarudia, anaiweka picha ukutani wiki nzima akiichunguza, anaifuta tena (tazama "Unajuaje kwamba imekwisha?").

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Boston College nchini Marekani, Angelina Hawley-Dolan na Ellen Winner, walichapisha jaribio moja zuri. Waliwaonyesha watu picha mbili mbili: moja ya mchoraji dhahania anayejulikana, nyingine ya mtoto au ya mnyama kama sokwe au tembo. Watu walichagua kazi ya mchoraji mara nyingi kuliko ambavyo wangepata kwa kubahatisha, hata pale vibandiko vya majina vilipobadilishwa makusudi. Kwa hiyo macho yako yanajua zaidi ya unavyoyasifu. Lakini mtoto mlete, karatasi zipo.

Nani alianzisha uchoraji huu?

Vitabu vingi humtaja Wassily Kandinsky, Mrusi aliyeacha mambo ya sheria akiwa na miaka 30 akaenda Munich kujifunza kuchora, na miaka ya 1910 hadi 1913 hivi akawa anaachana kabisa na kuchora vitu. Mwaka 1915 Kazimir Malevich akatundika mraba mweusi kwenye maonyesho huko Petrograd, na mabishano hayajaisha mpaka leo. Lakini mama mmoja wa Sweden, Hilma af Klint, alikuwa ameanza picha za aina hii tangu 1906. Aliagiza zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20 baada ya kifo chake. Alifariki 1944, na umma mpana ulianza kuzijua kwenye miaka ya 1980.

Upande wetu, usisahau vinyago. Wamakonde wana ule mtindo unaoitwa mawingu: mti uliochongwa ukawa mikunjo na matundu, bila mtu wala mnyama. Watalii wanaoniuliza kama uchoraji dhahania "ni wa Kiafrika kweli" mara nyingi wamebeba kinyago cha mawingu mkobani. Na kwenye uchoraji wenyewe yupo Ibrahim El-Salahi wa Sudan, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, aliyezivunja herufi za Kiarabu zikawa maumbo. Na Julie Mehretu, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1970, ambaye hutandaza ramani na michoro ya majengo tabaka juu ya tabaka mpaka mji unageuka kuwa dhoruba.

Kwani Kilimanjaro imewahi kutoa mchoraji wa maana?

Swali hili huulizwa na Wachagga wenyewe, na jibu lake huwashangaza. Nitawataja watatu.

Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell, kisha chuo cha sanaa cha Slade, London. Tanganyika ilipopata uhuru alitumwa kuwa Balozi wetu Uingereza, kuanzia 1961 hadi 1964. Kabla ya hapo, mwaka 1960, Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, MoMA, ilikuwa imenunua picha yake ya 1956 inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Fikiria: msafara wa pombe ya harusi, ambao kila mtu wa huku anaujua, umehifadhiwa Manhattan. Ntiro hakuwa mchoraji dhahania, ila tazama anavyoitandaza ardhi: shamba haliendi mbali, linasimama wima mbele yako, na watu wamepangwa kwa mdundo unaojirudia. Kwangu mimi huyo tayari alikuwa amevuka nusu ya njia.

Elimo Njau alizaliwa Marangu mwaka 1932, naye akapitia Makerere. Ndiye aliyechora zile picha kubwa za ukutani za maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, Kenya, ambamo matukio ya Injili yamewekwa kwenye mandhari ya Kikuyu. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, na miaka hiyo hiyo ya 1960 alianzisha nyumba ya sanaa ya Kibo kwao Marangu. Alikuwa mkali sana juu ya kunakili.

Wa tatu ndiye aliye karibu zaidi na ninachofanya: Everlyn Nicodemus, aliyezaliwa Marangu mwaka 1954. Alihamia Sweden mwaka 1973, akasomea anthropolojia Stockholm, na maonyesho yake ya kwanza yakafanyika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Shule ya uchoraji hakupita. Miaka ya 1980 aliwakutanisha wanawake wa Denmark, Tanzania na India wakazungumza juu ya maisha yao, naye akachora kutokana na mazungumzo hayo. Miili inaingiana, mipaka ya mtu na mtu inapotea, mpaka huwezi kusema huyu anaishia wapi. Baadaye alihamia Edinburgh, akapata shahada ya uzamivu mwaka 2012. Mwaka 2022 National Portrait Gallery ya London ilipata picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982, ambayo ilikuwa ya kwanza ya mwanamke mweusi aliyejichora kuingia katika hazina ile. Mwaka 2024 Edinburgh ikafungua maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha yote.

Shule nyingi za mkoa huu hazimfundishi hata mmoja wa hao watatu. Mimi naona ni aibu.

## Kuishi kwa brashi

Lazima nisome chuo?

Si lazima, ila chuo kinafupisha njia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa za ubunifu, Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kimezalisha walimu wengi wa sanaa, na Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Asiye na ada anaweza kukaa na mchoraji kama mafundi wanavyojifunza gereji: kwanza unaosha brashi, kisha unapigilia kanvasi, kisha unaruhusiwa kupaka. Kwamba inawezekana bila cheti, soma habari za Nicodemus hapo juu.

Kitu kisichokwepeka ni kuchora unachokiona. Anayekuja kwangu kujifunza dhahania naanza kumpa kikombe, kiti na mkono wake mwenyewe, kwa penseli. Wengi hukasirika. Wanaobaki hujua baadaye kwamba huwezi kuacha kitu usichowahi kukishika.

Nimeshakuwa mtu mzima, sijachelewa?

Mchoraji wa Marekani Alma Thomas alifundisha sanaa shule moja mjini Washington kwa miaka 35. Alistaafu mwaka 1960, ndipo akaanza kuchora muda wote, na mwaka 1972, akiwa na miaka 80, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufanyiwa maonyesho yake peke yake kwenye makumbusho ya Whitney, New York. Carmen Herrera, mzaliwa wa Havana, aliuza picha yake ya kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 89. Wewe una mingapi?

Hii kazi inalipa kweli?

Inalipa kwa mafungu. Juni hadi Oktoba wapandaji mlima na watalii wa mbugani wamejaa, Desemba hadi Februari wanarudi, na watu wa huku nao wanakuja kula Krismasi nyumbani. Masika ikianza, Aprili na Mei, mlango unafunguliwa asubuhi na unafungwa jioni bila mtu. Anayepanga bajeti yake kwa mwezi wa Agosti atakopa mwezi wa Mei.

Kwa hiyo wachoraji karibu wote ninaowafahamu wana kazi ya pembeni: kuandika mabango ya saluni, kuchora ukuta wa chekechea, kufundisha, kufuga kuku. Mimi nafundisha na kuchora kuta za hoteli. Kwenye kuta ndiko niliko na donda. Hoteli moja ilinipa kazi ya ukumbi mzima, nikamaliza, meneja akabadilishwa, na mpya akasema haoni makubaliano popote. Tangu hapo sifungui kopo bila karatasi iliyosainiwa na nusu ya malipo mkononi, hata kama mteja ni shemeji.

Msanii anatakiwa pia kuwa amesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Usajili unakusaidia pale unapotaka kuonyesha kazi rasmi au kusaini mkataba na taasisi.

Mbona huchori mlima, Wamasai na tembo kama wenzako?

Nimeshachora, na nilipokuwa nasoma vilinilisha. Siwadharau wanaochora; pale soko la Wamasai Arusha kuna watu wenye mkono mwepesi kunizidi mimi. Na asili ya kazi ile ina heshima yake. Edward Saidi Tingatinga alianza kuuza picha zake Dar es Salaam mwaka 1968, rangi ya kung'aa ya kopo juu ya vipande vya hadibodi, na alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 alikuwa amechora kwa takriban miaka 4 tu. Miaka 4, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima.

Kinachonichosha ni picha ya ishirini iliyo sawasawa na ya kumi na tisa. Kuhusu mlima wenyewe, asubuhi unauona, saa nne umefunikwa na mawingu, jioni unatoa kichwa. Kujitokeza na kujificha huko kumo kwenye kazi zangu nyingi. Kilele hakimo.

Mwanangu anataka kuwa mchoraji. Nimkatalie?

Mzee wangu, shikamoo. Mnunulie daftari lisilo na mistari na penseli laini, kisha umwambie amalize na kidato cha nne. Yote mawili yanawezekana. Akijaza daftari la kwanza bila kusukumwa, njooni tuzungumze.

## Kazi yenyewe

Unatumia vifaa gani, na unavipata wapi?

Kanvasi ya viwandani ni ghali, kwa hiyo nanunua kitambaa kizito cha pamba, amerikani, kwa mita. Fremu ya nyuma ananitengenezea fundi seremala kwa mbao za sipresi zilizokauka vizuri, kwani mbao mbichi itapinda na picha itakunjamana. Mwambie apige randa ukingo wa ndani uwe na mteremko, ili kitambaa kisigusane na mbao katikati. Asipofanya hivyo, baada ya muda alama ya mbao itajichora upande wa mbele.

Kisha kitambaa kinapakwa jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, tabaka mbili au tatu, na kila moja ikikauka inapigwa msasa mwepesi. Wapo wanaotumia emulsheni nyeupe ya ukutani. Kwa mazoezi haina neno. Kwa kazi ya kuuza usifanye, maana inakuja kupasuka na kubadilika rangi.

Rangi za wasanii nyingi naagiza Dar es Salaam au Nairobi. Usiangalie jina zuri mbele ya tyubu. Geuza nyuma usome namba ya rangi. PB29 ni bluu ya ultramarini, PW6 ni nyeupe ya titani, kampuni yoyote iwayo. Tyubu isiyo na namba inaweza kuwa na kitu kitakachopauka kabla mteja hajamaliza kulipa.

Akriliki au rangi ya mafuta?

Akriliki hukauka maji yakiondoka, mara nyingi ndani ya saa moja kwa joto la Moshi. Inanifaa, kwa kuwa napanga tabaka nyingi. Ila haipendi baridi: watengenezaji wengi wanaonya isipakwe chini ya nyuzi joto 10 hivi, kwa sababu chembe zake hazishikani sawasawa. Kwa aliye juu huko Kibosho, au kwenye miteremko ya Meru, usiku wa Julai si wa kuacha picha mbichi barazani.

Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka. Mafuta yanashikana na hewa ya oksijeni na kugeuka kuwa magumu polepole, siku kadhaa kwa tabaka jembamba, miezi kwa nene. Inatoa kina cha rangi ambacho akriliki haikifikii. Mafuta juu ya akriliki inawezekana. Akriliki juu ya mafuta usithubutu, itabanduka.

Unaanzaje, kama hakuna kitu unachochora?

Nitaeleza picha moja, ile ya sentimeta 100 kwa 120 iliyo ukutani sasa. Ililala sakafuni kwanza, nikaimwagia rangi ya udongo iliyozimuliwa mpaka ikawa inatiririka, nikaacha maji yatafute yenyewe pa kutuama. Yalipokauka palikuwa na madoa matatu yenye kingo nyeusi. Mawili niliyapenda. Kuzunguka hayo nikapaka kijivu kizito kwa skrepa ya mafundi rangi, nikivuta kutoka kulia, na skrepa iliacha mistari myembamba pale ukingo wake ulipo na pengo. Pengo lile halikupangwa, lakini nilipoiona mistari nikaivuta tena kwa makusudi upande wa pili.

Kisha nikakwama. Ikasimama ukutani muda mrefu, nikifanya nyingine. Kilichoifungua ni ukanda wa manjano wa upana wa kidole, juu kabisa, uliosukuma kijivu chote kiende chini. Baada ya hapo kazi ilikuwa kuondoa: nusu ya ule mvuto wa pili wa skrepa niliipiga msasa wa maji mpaka rangi ya udongo ikachungulia.

Hivyo ndivyo inavyoanza na kuendelea. Unafanya jambo, unalitazama, unalijibu.

Unajuaje kwamba imekwisha?

Pale kila ninachofikiria kuongeza kinaharibu kingine. Kipimo changu cha pili ni kuigeuza itazame ukuta na kuisahau. Nikiigeuza tena baada ya wiki kadhaa na jicho lisiende moja kwa moja mahali pamoja panaponiudhi, inapigwa sahihi.

Juu ni wapi?

Nyuma ya kila picha kuna mshale. Usicheke, maana wakubwa wamekosea. Mwaka 1961 MoMA ilitundika kazi ya Henri Matisse kichwa chini kwa siku 47 kabla mtu hajasema. Na mwaka 2022 jumba la sanaa la Düsseldorf, Ujerumani, lilieleza kwamba picha ya Piet Mondrian ya mwaka 1941, iliyofanywa kwa utepe wa rangi, imekuwa ikitundikwa kichwa chini tangu 1945. Wameamua kuiacha hivyo hivyo, maana utepe umechakaa na kuigeuza kungeudondosha.

## Kununua na kutunza

Bei inapangwaje?

Kwa kujumlisha urefu na upana, kisha kuzidisha kwa kiwango kimoja. Tuseme kiwango ni shilingi 3,000 kwa sentimeta: picha ya 60 kwa 80 ni sentimeta 140, yaani 420,000. Ya 120 kwa 160 ni 280, yaani 840,000. Ningepiga kwa eneo, ile kubwa ingekuwa mara nne ya ndogo, na hakuna ambaye angenunua kubwa. Kiwango hupanda kadiri kazi zinavyotoka, na hakishuki. Picha ninayoipenda haiwi ghali zaidi kwa sababu naipenda.

Mbona Arusha picha zako ni ghali kuliko hapa Moshi?

Hazitakiwi kuwa. Nyumba za maonyesho huchukua sehemu yao, mara nyingi karibu nusu, na inatoka kwangu. Ukiona bei tofauti, nitumie picha ya kibandiko.

Naweza kulipa kidogo kidogo?

Ndiyo, kwa simu au mkononi. Picha inabaki studio mpaka imalizike.

Nikishainunua, naweza kuichapa kwenye fulana za biashara yangu?

Hapana, mpaka tuandikiane. Umenunua kitu chenyewe. Haki ya kukitoa nakala bado ni ya msanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuipiga picha ukamtumia dada yako hakuna shida. Kuiuza kwenye fulana, kalenda au chupa za maji ni jambo la mkataba, na huwa siyo mgumu.

Nitaipelekaje nyumbani kwa ndege au basi?

Naivua kwenye fremu na kuikunja kwa mviringo, upande wa rangi ukiwa nje. Wengi huikunja rangi ikiwa ndani wakidhani wanailinda, kumbe rangi inabanwa na kujikunyata. Inaingia kwenye bomba la plastiki, lile pana la maji taka, jipya bila shaka. Likiwa pana zaidi ni bora zaidi. Ukifika, fundi yeyote wa fremu ataikaza upya. Rangi ya mafuta ambayo haijafikisha miezi sita sikubali ikunjwe.

Itunzwe vipi?

Isipigwe na jua moja kwa moja na isikae ukuta mmoja na jiko. Vumbi liondolewe kwa brashi laini na kavu. Kitambaa chenye maji na sabuni hapana. Wakati wa masika ukuta hutoa unyevu, kwa hiyo gundisha vipande viwili vya kizibo nyuma, kwenye pembe za chini, hewa ipite. Ukungu ukishaingia, ilete mapema.

## Yasiyo ya kawaida

Hizi alama si za kishirikina?

Huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi na mtu aliyekwishaipenda picha. Hapana. Hazitoki kwenye dini yoyote wala kwa mganga. Kwa upande mwingine, baadhi ya wateja wangu waaminifu kabisa ni familia za Kiislamu zisizotaka sura ya kiumbe ukutani, na picha hizi zinawafaa kwa sababu hiyo hiyo inayowatia wengine shaka.

Nataka ifanane na sofa langu.

Lete mto mmoja wa sofa tuuweke chini ya picha zilizopo. Karibu kila mara mtu huondoka na isiyofanana na sofa. Kuchora upya kwa ajili ya sofa sichori, sofa litabadilishwa.

Nimeona kazi kama yako kabisa kwa mtu mwingine.

Kama imefanana tu, huenda tumekula kwenye chungu kimoja: wanafunzi wangu huchora kama mimi mwanzoni, nami nilichora kama mwalimu wangu. Kama ni nakala na ina sahihi yangu, tafadhali niambie ulipoiona. Suala hilo linapelekwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na ushahidi wake ni picha niliyopiga kazi ikiwa bado studio, nyuma na mbele.

Naipenda yote isipokuwa ile nyekundu ya kulia. Utanifutia?

Naweza, lakini ujue kinachofuata. Nyekundu ikiondoka, ule ukanda wa kijivu hautakuwa na wa kumjibu, nao utaondoka. Kisha sehemu ya juu italegea. Tukimaliza utakuwa na picha nyingine, na bei itaanza upya. Ichukue nyumbani kwanza ukae nayo mpaka mwisho wa mwezi. Ukirudi bado unataka ifutwe, tutakaa tuzungumze.